Bu Kusrini na Kiti cha Meneja

Simba anayenguruma huwaonya swala wote mbugani kabla hajafika. Anayenyata ndiye anayelala na shibe. Hayo waliyaona waliotuachia methali isemayo simba mwenda pole ndiye mla nyama. Maana yake si kwamba kila mkimya ni shujaa, la. Wapo wakimya waliolala tu. Maana yake ni kwamba mtu anayekwenda taratibu, akajua anakokwenda na asirudi nyuma, hukipata kile ambacho wenye makelele hukikosa. Asiyesadiki na asikie yaliyomfika Bu Kusrini wa Pekalongan, mji wa wauza batiki.

Kusrini aliingia Benki ya Sekar Mulya akiwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, akaketishwa dirisha la tatu kuwahudumia wauza batiki. Miaka kumi na minane baadaye alikuwa msaidizi wa meneja, mama wa watoto wawili, na mtu ambaye kila karani mpya alipelekwa kwake kufundwa kazi. Wenzake walimwita Bu Kus, yaani Mama Kus. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya kumlazimu msikilizaji asogee karibu, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akifoka.

Kiti cha meneja kilikuwa kimempita mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa na mimba ya mwanawe wa pili. Akaambiwa anyonyeshe kwanza, kwani vyeo havikimbii. Cheo kikakimbia. Mara ya pili akaambiwa kwamba wateja wakubwa hupatikana jioni, kwenye ukumbi wa karaoke, na si vizuri mke wa mtu kuonekana huko. Kusrini hakubishana. Wanaume walipokuwa wakiimba na matajiri wawili watatu, yeye alianza kupitia sokoni kila asubuhi kabla ya kazi. Alinunua wali wake wa megono, wa fenesi bichi na nazi, uliofungwa kwenye jani la mgomba, akaula amekaa kwenye vigoda vya wauza batiki, huku akisikiliza nani anamwoza binti na nani ameharibikiwa na rangi. Kidogo kidogo soko zima likawa linaweka akiba Sekar Mulya, ingawa hakuna aliyeandika popote kwamba ni kazi yake.

Mwaka huo Pak Hartoyo, yaani Bwana Hartoyo, meneja wa tawi, alitangaziwa kupandishwa cheo na kuhamia ofisi ya kanda mjini Semarang. Kiti kikawa wazi kwa mara ya tatu. Kusrini akagonga mlango wake.

"Bu Kus, usinielewe vibaya," Pak Hartoyo alisema alipomsikiliza. "Kazi unaiweza. Lakini meneja akigonga meza, watu lazima waruke. Wewe ukigonga meza, mimi naona utaiomba radhi."

Bagas, aliyekuwa ameketi pembeni akinywa chai, aliangua kicheko. Bagas alikuwa kijana wa miaka thelathini na miwili, mwenye viatu vya kung'aa na sauti ya kuimba, mwimbaji wa kwanza wa ule ukumbi wa karaoke. Kusrini ndiye aliyemfundisha kutambua noti bandia kwa ncha ya kidole. Ofisi nzima ilijua kwamba Pak Hartoyo alitaka kumwachia yeye kiti.

"Meza haijanikosea, Pak," Kusrini akajibu. "Fomu ya maombi naipata wapi?"

Pak Hartoyo alijikuna shingo. "Fomu ipo. Ila mwanamke aliyeolewa huambatanisha barua ya mumewe, ya kumruhusu. Meneja huhamishwa popote, leo Pekalongan, kesho Kalimantan, ng'ambo ya bahari. Hatutaki baadaye mume aje hapa kudai mkewe."

"Na mwanamume aliyeoa?"

"Anahusikaje?"

Kusrini akaichukua fomu, akashukuru, akatoka.

Mumewe, Margono, alikuwa fundi wa mashine za kufuma. Jioni ile alimkuta akipiga pasi sare za watoto, akamweleza. Margono akaiweka pasi kando.

"Mimi nikuruhusu wewe? Wewe ambaye juzi nimekubembeleza wiki nzima ili uniruhusu kununua pikipiki?"

"Ndivyo walivyosema."

"Basi lete kalamu. Ni mstari mmoja tu, Kus. Usikikose kiti kwa ajili ya kipande cha karatasi."

Kusrini aliitazama kalamu. Ilikuwa rahisi kweli. Lakini akamkumbuka Ratmi, keshia wa dirisha la pili, mwanamke mwenye akili kama wembe, ambaye mwaka juzi alitaka kuwa mkuu wa mikopo. Mumewe alikataa kuandika barua, na fomu ya Ratmi ikaishia kufungiwa vitumbua.

"Wewe utaandika," akamwambia mumewe, "nami nitapita. Kisha watasema, mnaona, barua haina tabu, hata Bu Kus aliileta. Na Ratmi atabaki dirishani mpaka astaafu."

"Sasa utafanyaje?"

"Nitauliza."

Akauliza kweli. Aliijaza fomu, na mahali pa barua ya mume akabandika karatasi yenye sentensi moja: aliomba kujulishwa ni kanuni ya ngapi ya benki inayodai barua hiyo. Pak Hartoyo akaitia kwenye droo. Baada ya wiki mbili Kusrini akaandika tena kwa maneno yaleyale. Ikatiwa droo. Akaandika ya tatu.

"Bu Kus," Pak Hartoyo alimwambia safari hiyo, akiwa amekunja uso, "unanisumbua kwa upole."

"Samahani, Pak. Nikijibiwa nitaacha."

Hakujibiwa. Siku mbili kabla ya muda wa maombi kwisha, Kusrini alitumia saa yake ya chakula kwenda posta. Akatuma fomu yake pamoja na nakala za barua zote tatu, kwa rejista, moja kwa moja kwa kamati ya ajira huko Semarang. Kisha akarudi kazini, akanawa mikono, akaendelea na wateja. Hakumwambia mtu isipokuwa Margono.

Wiki mbili zikapita kimya. Ratmi akamnong'oneza kwamba Bagas ameshaanza kuchagua rangi ya mapazia. Kusrini alitabasamu, akaendelea kuhesabu noti. Aliwaza kwamba huenda hata Semarang kuna droo.

Ndipo ikaja ile Jumatatu.

Pak Hartoyo alikuwa Semarang kwa mkutano, na ingawa Kusrini ndiye aliyekuwa mkubwa kwa cheo, ukaimu alimwachia Bagas. Alfajiri, picha ilianza kuzunguka kwenye simu za watu: lango la benki limefungwa kwa minyororo, watu wanalia. Chini yake pameandikwa kwamba Sekar Mulya imefilisika, kila mwenye akiba aiwahi. Benki ya kwenye picha haikuwa hata ya mkoa ule, lakini mtu aliyeweka akiba ya miaka ishirini hapimi picha kwa rula. Kufikia saa mbili asubuhi watu mia tatu walikuwa wamejazana mbele ya tawi, na wengine wakishuka kwenye pikipiki.

Bagas alimpigia simu Pak Hartoyo, akaambiwa afunge lango mpaka apewe amri. Akaliteremsha nusu, akachukua kipaza sauti.

"Rudini majumbani," akatangaza. "Hakuna tatizo lolote. Leo kila mtu atatoa milioni tano tu, si zaidi."

Ilikuwa kama kumwagia mafuta kwenye jiko. Milioni tano rupia hazitoshi hata kulipia marobota mawili ya kitambaa. "Kama hakuna tatizo, mbona mnatupimia?" sauti ikauliza nyuma. Wa nyuma wakawasukuma wa mbele. Jiwe likaruka, kioo cha juu ya mlango kikapasuka, na vigae vikamwagika miguuni pa mlinzi. Bagas alikiacha kipaza sauti juu ya meza, akaingia ofisi ya meneja, akajifungia.

Kusrini alimfuata. Alibisha hodi taratibu mpaka akafunguliwa. Kijana wa watu alikuwa ameloa jasho, simu imemganda sikioni.

"Pak Hartoyo hapokei tena," akasema.

"Mdogo wangu, mtu akinyimwa chake ndipo anapokitaka zaidi. Tufungue lango."

"Amesema tufunge."

"Yeye yuko Semarang. Mawe yako hapa."

"Na fedha zikituishia?"

"Nimeshaongea na tawi la jirani la Tegal. Gari la fedha litaondoka huko sasa hivi. Likichelewa, nitasimama mlangoni niwaambie mimi mwenyewe."

"Ukikosea watakufukuza kazi, Bu."

Kusrini alilijua hilo. Alikuwa na mtoto anayeingia sekondari na nyumba ambayo haijaisha paa la jikoni. Akalivuta daftari la matukio lililokuwa mezani, akaandika saa, kisha akaandika kwamba lango limefunguliwa na kikomo kimeondolewa kwa amri yake, Kusrini. Akatia sahihi.

"Basi watanifukuza mimi," akasema. "Wewe kaa, unywe maji."

Alitoka akawaambia walinzi wapandishe lango mpaka juu. Akafungua madirisha yote saba, hata mawili yaliyokuwa stoo ya makaratasi, akamweka Ratmi kuwa msimamizi wa makeshia. Akaagiza viti vyote vya benki, pamoja na cha meneja, vitolewe nje wakae wazee na wenye mimba, na kijana wa usafi akakodi turubai la harusi kwa jirani. Kisha akatoka yeye, bila kipaza sauti, akaanza kutembea kwenye foleni, mtu mmoja hadi mwingine.

"Utapata zote, Pak. Leo hii, hata tukikesha. Shika namba yako."

Kwa kuwa sauti yake ilikuwa ndogo, waliokuwa wakipiga kelele ilibidi wanyamaze ili wasikie. Wakanyamazishana wao kwa wao. Na wengi waliokuwa pale walimjua. Alikuwa amekula wali kwenye vigoda vyao.

Mbele kabisa alisimama Mbok Yem, yaani Bibi Yem, mjane wa miaka sabini, muuza batiki mwenye mdomo mkali kuliko mkasi wake. Alikuwa akiweka akiba ya kwenda kuhiji tangu mumewe alipofariki.

"Usinibembeleze, Kusrini," akaanza. "Nimekuja kuchukua zangu zote. Nikifa bila kuiona Makka nitakuja kukusimamia kitandani kila usiku."

"Sikubembelezi, Mbok. Karibu dirisha la tatu."

Akahudumiwa. Kiasi chote kikatiwa kwenye kikapu chake, kikafunikwa kitambaa. Mbok Yem alibaki amesimama, amekikumbatia kikapu, akitazama huku na huku kama mtu aliyejiandaa kwa ugomvi akaukosa.

"Nani atakusindikiza nyumbani?" Kusrini akamwuliza. "Vibaka hupenda siku kama hizi. Nikupe mlinzi mmoja?"

"Unanipa na mlinzi?" Bibi alimkazia macho. "Kusrini, kama benki yenu inakufa, mbona umenipa zote bila hata kukunja uso?"

"Kwa sababu ni zako, Mbok."

Mbok Yem akaketi kwenye kiti cha meneja, chini ya turubai, kikapu mapajani. Alikaa saa nzima akiwatazama watu wakiingia na kutoka na fedha zao. Mchuuzi wa rangi alitoa zote. Mwalimu alitoa zote. Saa nne na nusu gari la fedha kutoka Tegal likaingia uani, na watu wakaona masanduku yakishushwa. Bibi akainuka, akajipangusa, akarudi dirisha la tatu bila kupanga foleni.

"Rudisha humu," akasema kwa sauti iliyofika barabarani. "Godoro langu lina panya. Na nyinyi mnaosukumana, mnangoja nini? Mtu aliyefilisika hakulipi kisha akakuuliza utafikaje nyumbani."

Watu wakacheka, kicheko cha kwanza siku ile. Mmoja akajiondoa kwenye foleni, kisha wawili, kisha kundi la wauza batiki wakakumbuka kwamba vibanda vyao havina mtu. Wengine waliendelea kutoa na wakalipwa mpaka rupia ya mwisho. Ilipofika alasiri foleni ilikuwa ya watu kumi na mmoja, na watatu kati yao walikuja kuweka.

Baada ya siku tatu Pak Wiryawan, mkurugenzi wa kanda, aliwasili kutoka Semarang. Alikuwa mtu mnene, mzito wa maneno, mwenye mkoba mkuukuu wa ngozi. Wakuu wote wa tawi waliitwa kwenye chumba cha mikutano. Pak Hartoyo, aliyerudi naye, akasoma taarifa aliyoiandika: kwamba kutokana na maelekezo yake kwa simu na uongozi imara wa kaimu meneja, Bagas, tawi liliokoka.

"Hongera, Bagas," mkurugenzi akasema. "Nieleze, ulifanyaje?"

Bagas alifungua kinywa. Macho yake yakakutana na ya Kusrini, ambaye hakumkazia wala hakumkwepa. Alimtazama vilevile alivyomtazama miaka tisa nyuma, akiwa karani asiyejua noti bandia.

"Nilijifungia ofisini, Pak," Bagas akasema. "Lango alilifungua Bu Kus. Aliandika jina lake kwenye daftari ili nisifukuzwe mimi. Daftari lipo."

Mkurugenzi akamgeukia Pak Hartoyo.

"Huyu mama mbona hukumpendekeza awe meneja?"

"Ah, Pak, Bu Kus hakuomba," Pak Hartoyo alijibu upesi. "Ana familia. Wanawake wenye watoto hawapendi misukosuko hii."

Pak Wiryawan aliufungua mkoba wake, akatoa bahasha yenye muhuri wa posta, akailaza mezani. Pak Hartoyo aliutambua ule mwandiko kabla hajausoma, rangi ikamtoka.

"Hii ilitufikia kabla ya muda kwisha," mkurugenzi akasema. "Ndani mna swali. Limeulizwa mara tatu, kwa adabu, na halikujibiwa. Kwa hiyo nimelitafutia jibu mwenyewe. Nimepekua kanuni zote tangu benki ianzishwe. Hakuna barua ya mume, Hartoyo. Haijawahi kuwapo. Nani aliianzisha?"

"Ni desturi tu, Pak. Niliikuta."

"Bagas, wewe una mke?"

"Ninaye, Pak."

"Aliandika barua ya kukuruhusu?"

"Hata hajui kama niliomba," Bagas akasema, na Ratmi, aliyekuwa akiandika kumbukumbu, akashindwa kujizuia, akacheka ndani ya kiganja.

Kusrini hakucheka. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa nguvu, kwani alihisi kwamba akiuachia, machozi ya miaka kumi na minane yatamtoka mbele ya watu.

Hata hivyo hakupewa kiti pale pale; kanuni ilidai usaili, naye hakutaka kupewa kwa huruma. Wiki iliyofuata alipanda garimoshi la asubuhi kwenda Semarang, akaketi mbele ya wajumbe watano, wote wanaume. Walimwuliza kuhusu mikopo, akajibu. Wakamwuliza kuhusu madeni mabaya, akawaonyesha mawili ambayo wao hawakuyajua. Mjumbe wa mwisho, mzee mwenye miwani, akaegemea kiti.

"Na watoto, Bu? Ukihamishwa, nani atawaangalia?"

Swali hilo ndilo lililomkalisha chini kwa miaka mingi, na sasa lilikuwa limevaa suti.

"Niko tayari kujibu, Pak," akasema kwa sauti ileile ndogo, hata mzee akalazimika kuinama mbele. "Naomba tu kujua kama wenzangu wanaume waliosailiwa leo wameulizwa pia. Ikiwa wameulizwa, nami nitajibu."

Wajumbe wakatazamana. Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akachukua kalamu, akalifuta swali kwa mstari kwenye karatasi yake.

"Tuendelee," akasema.

Barua ilifika Pekalongan siku ya Alhamisi. Aliyeifungua ni Ratmi, kwa sababu mikono ya Kusrini ilikataa. Ratmi alisoma mstari wa kwanza, akakaa chini sakafuni kwa sketi yake safi, akalia kwa furaha mpaka wateja wakadhani amefiwa. Habari ilifika sokoni kabla ya Kusrini. Siku ya pili yake, alipopitia kununua wali wake, hakuna aliyepokea fedha yake, na Mbok Yem alimvisha begani shali ya batiki aliyoichora kwa mkono wake mwenyewe.

"Sasa wewe ni mkubwa," bibi akamwambia. "Usije ukaacha kula kwetu."

"Nikiacha, uje unitoe ofisini kwa mkasi wako, Mbok."

Pak Hartoyo hakuhamia Semarang kama alivyotarajia. Uhamisho wake ulisimamishwa, akapelekwa kwenye ofisi ya kutunza nyaraka, mahali penye droo nyingi. Bagas alibaki. Asubuhi ya kwanza alikuja na barua ya kujiuzulu, Kusrini akaisoma, akamrudishia.

"Siku ya mawe uliogopa," akamwambia. "Siku ya mkurugenzi ulikuwa na kila sababu ya kuogopa zaidi, lakini ulisema kweli. Kaa hapa ujifunze. Ila mikutano na wateja sasa ni saa tatu asubuhi, siyo kwenye karaoke."

"Hata wimbo mmoja, Bu?"

"Imbia nyumbani. Mkeo atafurahi kujua uliko."

Kisha akamwita Ratmi, akafunga mlango, akamsukumia fomu mpya ya ukuu wa mikopo. Ratmi aliigeuza mbele na nyuma, akitafuta mahali pa barua. Hapakuwa na mahali.

"Nijaze tu hivi hivi?"

"Jaza jina lako," alisema meneja wa tawi. "Ndilo tunalolihitaji."

Bu Kusrini hakupata kugonga meza siku hiyo wala siku yoyote iliyofuata, na watu walifanya kazi vizuri kuliko walivyofanya zamani walipokuwa wakirushwa na vishindo. Waliopiga kelele walikiona kiti kwa mbali, wakakisifia mapazia. Aliyekwenda hatua kwa hatua, akiuliza swali moja bila kuchoka na bila kuinua sauti, ndiye aliyekikalia. Ama kweli, simba mwenda pole ndiye mla nyama.